Ng'ombe Asiye na Nundu

Habari ya kifo cha Bruda Livio ilinikuta jikoni, unga wa ulezi umenifika viwikoni na maji yanachemka. Simu ililia juu ya kabati, nikamwambia mume wangu Masanja aisome kwa kuwa mikono yangu haikuwa na nafasi. Alisoma polepole, miwani imemshuka puani. Ujumbe ulitoka Italia kwa Chiara, mpwa wa Bruda, umeandikwa kwa Kiswahili cha kutafsiriwa na simu, kile kilichonyooka mpaka kinachekesha: mjomba wake amefariki usingizini, katika bonde lilelile alilozaliwa, na siku zake za mwisho alikuwa akitaja majina ya ng'ombe. "Wa kwanza kumtaja ni Riga," Masanja alisoma, kisha akavua miwani. Nilisonga ugali mpaka ukaiva, maana ugali wa ulezi haungoji mtu amalize kulia, halafu nikatoka nikakaa kwenye gogo la zizini, nikalia vizuri. Hapa Sumbawanga wengi wananijua kama mama wa maziwa. Wachache waliobaki wanajua kwamba nilikuwa msichana wa kwanza kwenye uwanda huu kumfunga ng'ombe jike nira akalima, na mimi si mtu wa kujisifu, ila kwa hilo nitajisifu mpaka wanizike.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakama ng'ombe kwenye shamba la misheni, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka mjini. Tulikama kabla jua halijatoka, kwenye baridi ile ya Ufipa inayofanya vidole visijijue, na ubavu wa ng'ombe ndio uliokuwa moto wetu. Mkuu wa ng'ombe alikuwa Bruda Livio, mfupi, mwenye viganja vipana, mkimya asubuhi na msemaji jioni. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ghala. Nilikuwa nakifagia kila Jumamosi, na mpaka leo nikifumba macho nakiona: kitanda cha chuma, rafu ya ubao yenye mabonge ya jibini yaliyofunikwa kitambaa, harufu ya maziwa yaliyochacha iliyoingia hadi kwenye blanketi, na ukutani picha moja tu, ya mama yake, amesimama kwenye mteremko kando ya ng'ombe wawili wadogo waliofungwa plau. Jumapili jioni alituita sisi wakamaji tule kwake. Mara ya kwanza tulijiandaa kula chakula cha Kizungu, tukavaa na viatu. Bruda akatoa sufuria, akaipindua juu ya ubao, likaanguka bonge la ugali wa mahindi ya njano. Tulitazamana. Akachukua uzi wa kushonea, akaukata ule ugali vipande kwa uzi, akaweka jibini juu, akatuambia hicho ndicho alichokula kila siku tangu utoto. Mama Yustina, mpishi wa misheni, mtu asiyeficha neno, akauliza, "Kwa hiyo Bruda ulipanda ndege na meli kuja kula ugali?" Bruda akacheka mpaka akashika ukuta.

Ni katika chumba hicho nilipofahamu habari za Kabanina. Ndivyo wanavyoitwa ng'ombe wa bonde la kwao, kwa jina la kijiji chao. Ni wadogo, rangi ya kahawia iliyoiva, na kila mmoja ana mstari mweupe-mweupe unaopita katikati ya mgongo kuanzia mabegani hadi mkiani. Bruda alisema ng'ombe wa kwao ana kazi tatu: maziwa, jembe, na siku ya mwisho, sufuria. Jike huyohuyo anakamwa asubuhi, akishakamwa anafungwa nira anapanda mlimani kulima viazi, jioni anakamwa tena. Alitueleza kwamba alipokuwa kijana walikuja wataalamu wakasema ng'ombe wadogo hawana faida, madume yao yote yahasiwe, majike yapandwe na madume makubwa ya kutoka mbali. Baba yake akaficha dume moja kwenye msitu, anampelekea majani kwa mgongo kama mtu anayelisha mfungwa. Watu wachache wa aina hiyo ndio walioponya ukoo mzima usipotee. Miaka michache kabla mimi sijaajiriwa, ndugu zake walimpelekea mbegu za Kabanina, mirija michache iliyogandishwa kwenye mtungi wenye baridi kali. Nyingi ziliharibika njiani. Ng'ombe wetu wa kienyeji mmoja tu alishika mimba, akazaa ndama jike wa kahawia mwenye mstari mgongoni. Bruda akamwita Riga, neno la kwao la mstari. Nilipofika misheni Riga alikuwa ana ndama wake wa kwanza, na nilipewa mimi nimkame kwa kuwa aliwapiga teke wengine wote.

Sasa, jike kulima, hilo tulilisikia kama tunavyosikia hadithi za sungura. Kwetu plau inavutwa na maksai. Jike ni mama wa ndama, hagusi nira, na mtu angemfunga jike angeonekana ama fukara aliyeishiwa ama mwendawazimu. Bruda mwenyewe hakulazimisha. Alikuwa akisimulia tu, anatafuna jibini, anatazama ile picha.

Mwezi wa tisa ikaja simu kwamba mama yake yu mahututi, akaondoka. Asubuhi ya safari alinikuta namkama Riga, akaweka kiganja juu ya ule mstari, akasema, "Anastazia, huyu nakuachia wewe. Wasimwuze." Nikasema, "Sawa, Bruda," kwa wepesi ule wa mtu asiyejua anaahidi nini. Haukupita mwezi ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe, ikaingia. Ilianza kwa wafugaji waliotoka Usukumani, waliokuwa wanachungia upande wa Chala, ikapanda hadi kwetu. Misheni ilikuwa na jozi tatu za maksai. Akabaki mmoja, mzee, tuliyemwita Sajenti. Siku zilezile akaja kijana wa Kisukuma kutafuta kazi, mrefu, shati limeisha kola, maksai wao wote wamekufa. Ndiye Masanja. Alipewa kazi ya plau isiyokuwa na wa kuivuta. Mvua zilikuwa zinakaribia, shamba la ulezi halijaguswa, na Baba Paroko akatuita barazani akasema ataamua jambo la kuumiza. Kwenye mnada ujao wa mwezi, Riga atauzwa, na kwa thamani yake watapatikana maksai. Alisema Riga anatoa maziwa kidogo kuliko wale ng'ombe wetu wawili wa Kizungu, Friziani, hivyo ndiye wa kuondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa wakulima wa hapahapa uwandani, anajua njaa ya mwezi wa pili ilivyo.

Nilisimama. Sikuwahi kusimama mbele ya padri nikapinga, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Baba," nilisema, "mnada bado wiki mbili. Niachie Riga wiki hizo mbili. Akilima, hakuna haja ya kununua maksai." Watu walicheka, na Mama Yustina alicheka kupita wote. Baba Paroko hakucheka. Alinitazama, akauliza, "Na asipolima?" Nikajibu nitamswaga mwenyewe hadi mnadani. Akasema, "Haya. Wiki mbili."

Jumapili baada ya misa ndipo nilipojiaibisha. Nilitaka watu waone, huo ndio ulikuwa ujinga wangu, kwa hiyo nilichagua siku ambayo parokia nzima ipo. Masanja alimfunga Sajenti upande wa kulia, Riga kushoto, kwa nira ya kawaida, lile gogo lililonyooka lenye vijiti viwili vinavyoshuka kila upande wa shingo na kamba chini ya koo. Riga alitulia, maana mimi nilikuwa nimeshika pembe yake nikimsemesha. Masanja akaita, Sajenti akasogea, Riga akasogea, watu wakaguna kwa mshangao, na kwa hatua kama kumi hivi nilikuwa msichana mwenye furaha kuliko wote Rukwa. Halafu plau ikaingia udongoni ikawa nzito. Kwa Sajenti nira ilikaa pale pale. Kwa Riga iliteleza ikarudi nyuma mabegani, vijiti vikamfuata, kamba ikapanda ikambana koo. Alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia tena kwa ng'ombe, akapiga magoti. Masanja akaruka na kisu akakata kamba. Wengine walicheka, wengine waliona huruma, na huruma yao iliniuma zaidi. Baba Paroko alisema tu, "Anastazia, nusura umnyonge," akaenda zake kula. Nilimrudisha Riga zizini nikakaa kwenye samadi na nguo yangu ya misa. Nilikuwa nimemwumiza mnyama aliyeniamini, na ahadi ya Bruda nilikuwa nimeivunja mbele ya watu. Nilitamani Sumbawanga yote isahau jina langu.

Jioni nilikwenda jikoni kuchukua chakula, nikasimama nje ya mlango kwa sababu niliwasikia wananisema. Humo ndani kulikuwa na harufu ya dagaa wa Kirando waliokaangwa na maharage yaliyobaki, na Mama Yustina alikuwa anamgawia Masanja. "Yule mtoto ana kichwa kigumu," alisema. "Ng'ombe haelemewi na nunduye, nakubali, lakini ukimbebesha la maksai lazima aelemewe." Masanja alikuwa anakula. Nilisikia anaweka bakuli chini. "Mama, nundu yenyewe anayo?" aliuliza. "Nani?" "Riga. Nimemshika mabegani wakati nakata kamba. Pale pana kiuvimbe tu, kama andazi lililokosa hamira. Nira zetu hizi, Mama, tangu kwa babu zangu, zinasukumwa na nundu. Gogo linaegemea pale. Ng'ombe asiye na nundu, gogo litaegemea wapi?" Mama Yustina akaweka upawa chini. "Sasa hao ng'ombe wa Bruda kule kwao," akasema, "si ndivyo walivyo wote, bila nundu? Wanafungwaje?" Hawakujua, na mimi pale nje sikujua. Bruda hakuwahi kutuambia, kwa sababu kwake nira ilikuwa nira, kama mtu asivyoelezea namna ya kushika kijiko. Lakini nilijua nani anajua. Sikuingia hata kuchukua chakula. Nilikimbia nyuma ya ghala, nikafungua chumba kwa ufunguo wa kufagilia, nikaiteremsha picha ya mama yake Bruda ukutani.

Miezi yote nilikuwa nimemtazama mama peke yake, kitambaa chake cha kichwa na mikono yake mikubwa. Sasa nikatazama shingo za ng'ombe. Nira yao haikuwa gogo lililonyooka. Ilikuwa ubao mnene uliochongwa mabonde mawili mapana, kila bonde limelalia shingo moja kama kiganja kinavyolalia goti, na chini ya shingo kulikuwa na upinde mpana wa mti, si kamba. Kati ya ubao na ngozi kulionekana kitu kimevimba, mto. Nilimpelekea Masanja picha ile asubuhi. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza, akapima kwa vidole, akasema, "Dada, hawa watu siyo wajinga." Kutoka kinywani mwa Msukuma, kuhusu ng'ombe, hiyo ni sifa kubwa. Akaniambia nisiguse tezo, nishughulike na mto. Yeye alichonga siku tatu, anampima Riga shingo kwa kamba kila baada ya muda kama fundi cherehani, upande mmoja bonde la Riga, upande wa pili sehemu iliyonyooka ya Sajenti na nundu yake. Upinde aliukunja kwa kuuchovya mti mbichi kwenye maji ya moto ya Mama Yustina, ambaye alilalamika kuhusu kuni zake na akaendelea kuongeza kuni. Mto niliushona kwa gunia na ngozi ya kondoo, nikaujaza majani makavu. Ulikuwa mbaya kutazama. Nilimvisha Riga ule mto peke yake siku mbili nzima, hata wakati wa kumkama, mpaka akaacha kuufikiria.

Tulianza upya alfajiri, safari hii bila kumwita mtu. Nilimkama kwanza, nikampa chumvi kiganjani, nikamwita jina lake sikioni, tukamfunga. Plau ilipoingia udongoni, mto ulibonyea, ubao ukakaa. Riga alisimama kama anayewaza. Kisha akaegemeza shingo mbele, akavuta. Nilitembea kinyumenyume mbele yake nikimwangalia koo, koo lilikuwa wazi, anapumua, mvuke unamtoka puani kwenye ile baridi. Tulimaliza mzunguko wa kwanza, tukaogopa hata kufurahi. Siku ya tatu tulikuwa tunalima hadi jua linapokuwa kali, tunampumzisha, jioni namkama, na maziwa yalipungua kidogo tu. Watu wakaanza kupita njia ya shambani bila sababu. Mzee mmoja alitukaripia kwamba tunamlimisha mama wa mtu, Masanja akamjibu kwa heshima, "Mzee, hapa kwenu akina mama hawalimi?" Mzee aliangalia mkewe aliyekuwa na jembe begani, akaendelea na safari.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili kabla ya mnada. Asubuhi yake udongo ulikuwa laini, na Baba Paroko akaja na viatu vyake vyeusi, akasimama mwanzo wa shamba. Tulimsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," akajibu, "Milele, amina," macho yakiwa kwa Riga. Tulilima mzunguko mmoja mbele yake, tukalima wa pili. Niliona anaikumbuka siku ile ya barazani, nikajiandaa kwa lolote. Halafu akainama, akavua viatu, akakunja suruali, akamwambia Masanja, "Nipishe." Akashika mikono ya plau. Alilima kama mtu aliyelima kabla ya kusoma, mgongo umelegea, anaita Sajenti na Riga kwa sauti ya kijijini ambayo hatukuwahi kuisikia kanisani. Alipofika mwisho alikuwa anahema, matope yamemfika magotini. "Mnadani hatuendi," alisema. Kisha akaniuliza kama ule mto wa shingo unaweza kushonwa mwingine wa akiba, kwa sababu huu utaoza mvua zikizidi. Nililala usingizi mzuri usiku ule kuliko usiku wowote tangu Bruda aondoke.

Bruda alirudi baada ya Pasaka, amekonda, amemzika mama yake. Tulimwandalia ugali wa njano, nikaukata kwa uzi, na jibini nililoligeuza na kulitunza rafuni mimi mwenyewe miezi yote ile. Alikula kidogo. Mama Yustina alishindwa kuvumilia akamwambia atoke nje akaone ulezi. Ulikuwa umekomaa, vichwa vimejikunja kama ngumi, shamba zima. Bruda aliuliza maksai tuliwapata wapi. Masanja akamwongoza ghalani, akamwonyesha nira imetundikwa. Bruda aliyagusa mabonde yake, akaingiza mkono kwenye upinde, akaubonyeza mto wangu mbaya. Akasema, "Hii ni ya mama." Akakaa chini kwenye magunia, mbele yetu wote, akalia bila kujificha uso. Nami nilisimama pale, msichana niliyefeli kidato cha nne, nikijua kwamba nimetimiza neno langu. Kiburi cha siku ile ndicho kilichonilea, kwa kweli, kuliko shule yoyote. Ndicho kilichonipa ujasiri wa kuomba ndama wa Riga badala ya zawadi ya harusi, na wa kuolewa na yule mchongaji ingawa pande zote mbili zilinuna.

Ng'ombe wangu wa leo wamechanganyika sana. Damu ya bonde lile imebaki kama chumvi kwenye mchuzi, huioni. Lakini kila baada ya miaka michache anazaliwa mmoja mwenye mstari mgongoni, na huyo namwita Riga, nikimkama naye ananitazama kwa lile jicho la kujua kila kitu. Vijana wenye trekta pale barabarani wananitania kwamba Bibi Anastazia bado anatunza nira ghalani. Naitunza. Kila mwaka naipaka mafuta.

Juzi Chiara aliandika tena. Anasema anafuga Kabanina katika zizi lilelile la babu yake, na amepata majike wawili wapole anaotaka kuwafundisha kulima tena kwenye mteremko ambako mashine haifiki. Nira ya bibi yake ililiwa na wadudu zamani. Amezunguka bonde lote akiuliza wazee, waliojua wamekufa, na waliobaki wanakumbuka picha tu. "Mjomba alisema kwamba mtu wa mwisho anayejua kufunga nira ile anaishi Sumbawanga," aliandika. "Je, ni wewe? Je, unaweza kunifundisha?" Masanja alinisomea mara mbili, ya pili bila kuombwa.

Leo asubuhi nimemkama Riga, nikampa chumvi. Masanja ameshusha nira, amesimama na simu anirekodi, kwanza ameishika kinyume, nimemrekebisha, ananung'unika kwamba aliyechonga ni yeye lakini anayepigwa picha ni mimi. Nimemwita ng'ombe jina lake sikioni. Kisha nimegeukia ile simu na kusema kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha niliyoijulia kazi hii, na simu yake itajua la kufanya: "Chiara, mwanangu, sogea uangalie hapa mabegani. Unaona hakuna nundu. Kwa hiyo sisi huwa tunaanza na mto."